Kumbukumbu za Kikao cha Jumanne

Kazi yangu ni kuandika yaliyosemwa,
si yaliyomezwa.
Ukumbi wa baraza, Thunder Bay, mwezi wa pili,
nje nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
na makoti yamekalia viti vya nyuma
kama wananchi waliowahi mapema.

Ajenda namba saba: sheria ndogo
juu ya maduka ya mkopo wa haraka na ya rehani.
Yasisongamane mtaa mmoja.
Riba iandikwe ukutani kwa herufi
anazoweza kusoma mtu aliyesahau miwani.
Mwenyekiti akauliza: yupo diwani
mwenye maslahi ya kutangaza?
Wakatazamana.
Niliandika: Hakuna.
Karani haulizwi.

Dakika tatu kila msemaji.
Eila Rautio, mpishi wa shule:
alikopa mia tatu gia boksi ilipokufa,
akalipa, akakopa ili alipe,
akalipa alichokopa ili alipe,
na kengele ikalia
hadithi yake ingali mwezi wa Agosti.
Kukopa harusi, husema watu.
Yeye harusi hakuiona.
Aliona gari likiwaka, na zamu ya alfajiri.

Bwana Tymchuk, mwalimu wa hesabu, mstaafu:
"Dola kumi na tano kwa mia, wiki mbili,
mnaiona ndogo. Ivutheni mwaka mzima:
mia tatu tisini na moja kwa mia."
Mtu akapiga mluzi.
Mluzi hauna mahali pake katika fomu.

Kisha Gordon Skalenda, mwenye duka la kona ya reli,
kofia mkononi kama sahani tupu:
"Mimi simfuati mtu kwake.
Akishindwa, mimi nabaki na kitu,
yeye anabaki na jina.
Benki ilifunga tawi, ikatuachia mashine
inayotoza dola nne kukuonyesha huna kitu.
Nifungeni basi. Mtoto ana homa, saa tano usiku,
watampigia nani? Wewe, diwani?"

Niliandika: Bw. Skalenda alipinga.

Delphine Moonias hakutumia hata dakika moja.
"Yule mama ana haki. Na huyu ana haki.
Nimeingia kwa wote siku moja,
nimekopa dirisha hili nikomboe cherehani dirisha lile.
Ugonjwa wangu si maduka. Ni kalenda:
kodi tarehe mosi, mshahara tarehe tano.
Siku nne hizo, nani anaziuza?"
Akaketi. Koti lake likaanguka,
hakuna aliyeliokota.

Baraza likageukia mita.
Mia na hamsini kati ya duka na duka, au mia mbili?
Zipimwe toka mlangoni, au toka ukutani?
Dakika arobaini za mita.
Halafu hoja ikaahirishwa hadi Aprili,
nikafikiri, huku nikichapa,
kumbe hata wao wanaongeza muda wa tiketi.

Yangu ni namba 4418.
Msumeno wa mota wa kaka yangu Veikko,
utomvu wa msonobari umeganda kwenye meno yake.
Yuko kambini kaskazini, hajui.
Theluji ikiyeyuka ataudai.

Ijumaa nikaenda kona ya reli.
Skalenda alinitambua kabla sijavua glavu,
akatazama tiketi, akanitazama,
asiseme lolote kuhusu hilo.
"Umeniandikaje?"
"Kwamba ulipinga."
Alilipima neno hilo
jinsi anavyopima pete, karibu na taa.
"Basi tu?"
"Basi tu."

Nikalipa dola ishirini na nane
ili kitu kisicho changu kiendelee kulala rafuni,
kati ya gitaa lisilo na nyuzi
na viatu vya barafu vya mtoto, jozi, vipya kabisa.
Akagonga muhuri: Aprili.
Nilipokuwa natoka akaniita,
nikadhani kuna neno.
"Mlango," akasema. "Uvute kwa nguvu.
Baridi inaingia."